Pesa za utafiti chuoni: kabla ya kuzigawa, ifungue ratiba

Swali: Mimi ni mkuu wa kitivo katika chuo kidogo cha sanaa, sayansi na ualimu viungani mwa Kisumu. Tuna wahadhiri 34 wa kudumu, kila mmoja akifundisha kozi 5 kwa muhula. Mwaka huu, kwa mara ya kwanza, bodi imetutengea shilingi milioni 1.2 za utafiti na kazi za ubunifu. Mhasibu anataka tugawane sawa ili kusiwe na manung'uniko. Wenzangu wa sayansi nao wanasema pesa za utafiti haziwezi kumwendea mtu anayeandika tamthilia. Mwalimu wa muda tunamlipa 45,000 kwa kozi moja. Nimebanwa katikati. Nifanyeje?

Jibu: Mwalimu mwenzangu, hesabu ya mhasibu wako haina kosa kama hesabu. Gawanya 1,200,000 kwa 34, kila mhadhiri atapata shilingi 35,294. Pesa hizo zitampeleka mtu Nairobi kwa kongamano la siku mbili, alale, ale, arudi na mkoba wa kitambaa wenye nembo. Hazimalizi utafiti wowote. Niliwahi kufanya kazi katika chuo kilichogawa hivyo miaka mitatu mfululizo. Manung'uniko hayakuwepo, kweli. Kila mwisho wa mwaka wa fedha watu walikuwa na risiti zao zimebanwa vizuri kwenye faili, na hapakuwa na aliyekuwa na ukurasa mmoja wa kumsomea mwenzake.

Basi niruhusu nianzie mahali ambapo hukuuliza. Umetaja kwa kupita tu kwamba kila mhadhiri ana kozi 5 kwa muhula. Kozi 5 za saa 3 ni saa 15 za kusimama darasani kila wiki. Darasa likiwa na wanafunzi 60, hizo ni karatasi 300 za kusahihisha katikati ya muhula na nyingine 300 mwishoni. Bado hujahesabu maandalizi, mikutano ya idara, na safari za kukagua wanafunzi walio kwenye mazoezi ya ualimu huko Nyando na Vihiga. Mtu wa namna hiyo ukimpa hata laki tatu, atakushukuru kwa dhati, kisha mwezi wa sita atakuja kukuuliza kama pesa zinaweza kuvushwa hadi mwaka ujao.

Vyuo vya Marekani vya aina yenu, vile vidogo vinavyofundisha sanaa na sayansi kwa shahada ya kwanza bila wanafunzi wa uzamifu, vililiona jambo hili zamani. Katika vile vyenye uwezo, mzigo wa kawaida ni kozi 5 kwa mwaka mzima: 3 muhula mmoja, 2 muhula wa pili. Wako anabeba 10. Juu ya hapo ipo likizo ya utafiti, sabatiko, desturi ambayo Harvard iliianza mwaka wa 1880: kila mwaka wa saba profesa anaachiliwa na darasa akiwa analipwa nusu mshahara. Sikuambii uige. Vyuo hivyo vinakula mapato ya wakfu uliowekezwa kwa vizazi. Ninyi mnakula karo ya muhula huu, tena ile iliyokwisha kulipwa. Lakini bei ya kitu wanachokinunua unayo mwenyewe, umeiandika katika swali lako: 45,000. Hiyo ndiyo bei ya kumwondolea mhadhiri mmoja kozi moja kwa muhula mmoja.

Nunua nane. Ni shilingi 360,000, na katika kila shilingi ya bajeti hii, hizo ndizo ninazozitetea kwa sauti kubwa zaidi.

Ila kuna namna ya kuzinunua na bado ukose faida. Kozi ikiondolewa lakini nne zilizobaki zikatawanywa Jumatatu hadi Ijumaa, umempa mtu mapengo ya saa moja moja ambayo atayamalizia kwenye chai na barua pepe. Anachohitaji ni siku nzima, ikiwezekana mbili zinazofuatana. Nikupe mfano wa karibu. Tuseme una mwanabiolojia anayetaka kujua ukubwa wa omena, wale dagaa wa Ziwa Viktoria, wanaoshushwa ufuoni Usenge mwezi hadi mwezi. Omena huvuliwa usiku kwa taa, hasa usiku wa giza usio na mbalamwezi, na boti hurudi ufuoni alfajiri. Anayetaka kupima samaki kabla hawajamwagwa juani kukauka lazima awe pale kukipambazuka, maana yake amelala huko huko. Sasa mtu huyo ana darasa saa mbili asubuhi Jumanne, Jumatano na Alhamisi. Utafiti wake umekufa na hakuna aliyemnyima hata senti. Aliyeua ni karani wa ratiba, ambaye wala hajui. Kwa hiyo kaa na karani huyo kabla hujakaa na kamati yoyote.

Utakutana na mitego miwili mingine. Atakuja mtu akwambie, "Nipe mimi hizo elfu 45, nitafundisha na nitaandika." Mkatalie kwa upole. Huo ni mshahara wa ziada umevaa koti la utafiti, na ukimkubalia mmoja watafuata thelathini. Wa pili ni ule wa mtu kupunguziwa kozi kwenu halafu akaenda kuchukua masomo ya jioni chuo cha jirani. Maisha ni magumu, simlaumu, lakini barua ya kupunguziwa mzigo iseme wazi kwamba muhula huo hafundishi pengine. Na huyo mwalimu wa muda anayeshika kozi mlipe kwa wakati. Sisi sote tunajua kinachotokea kwa alama za wanafunzi mwalimu wa muda akikaa miezi minne bila malipo.

Sasa tamthilia. Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu nadhani ndiyo inayokunyima usingizi.

Wenzako wa sayansi wana hoja moja ya kweli, nayo tusiifiche: mara nyingi sisi watu wa sanaa tumeleta mbele ya kamati vitu ambavyo havina wa kuvipima. Mtu ameongoza kwaya kwenye ufunguzi wa jengo, anataka kupandishwa cheo. Mwingine amekuwa mfawidhi kwenye mahafali miaka sita. Hizo ni huduma kwa chuo, zishukuriwe, lakini si kazi ya ubunifu kwa maana tunayoizungumzia. Hata hivyo hoja hiyo haiwapi ruhusa ya kufunga mlango. Mwaka 1990 Ernest Boyer, akiwa rais wa wakfu wa Carnegie unaoshughulikia maendeleo ya ualimu huko Marekani, alitoa ripoti iliyopanua maana ya usomi: kugundua jambo jipya ni sehemu moja tu, kuna pia kuunganisha maarifa, kuyatumia katika jamii, na kufundisha kwenyewe. Vyuo vidogo vingi vya huko viliandika upya kanuni zao za kupandisha vyeo kwa kufuata mawazo hayo.

Na kama mfano wa Marekani unawakera, warudishe Kisumu. Mwishoni mwa miaka ya 1960 Okot p'Bitek, mshairi wa Uganda, aliajiriwa na idara ya elimu ya nje ya Chuo Kikuu Kishiriki cha Nairobi, ambacho baadaye kikawa Chuo Kikuu cha Nairobi, akawekwa hapa Kisumu. Kazi yake rasmi ilikuwa elimu ya watu wazima. Alichofanya ni kuwakusanya wapiga nyatiti (ala ya nyuzi ya Waluo), wachezaji na waigizaji, akaandaa tamasha la sanaa mjini. Leo mtu akitaka kuandika historia ya sanaa upande huu wa nchi hawezi kulipita tamasha hilo. Muulize mwenzako wa kemia kama angelilipia. Akisema hapana, muulize angelilipia nini badala yake.

Lakini usiishie kwenye mabishano, toka na kipimo. Mimi hutumia maswali matatu, na huyauliza kwa tamthilia na kwa makala ya kemia bila kubadilisha neno. Kazi hii inatafuta kujua au kujaribu nini? Nani mwenye ujuzi, asiye wa hapa na asiye rafiki wa mwandishi, ameitazama na kuitolea maoni ya maandishi? Na mtu ambaye hakuwepo anaweza kuipata wapi? Kwa tamthilia, jibu la swali la tatu ni mswada uliowekwa kwenye maktaba, rekodi ya onyesho, na kijitabu cha onyesho. Jibu la pili ni wasomaji wawili kutoka vyuo vingine, walipwe nauli na marupurupu kidogo, wakae ukumbini kati ya hadhira, kisha kila mmoja aandike kurasa mbili peke yake. Makala ya kemia iliyochapishwa kwenye jarida tapeli, lile linaloikubali kazi yako baada ya siku tano na kukutumia namba ya kulipia, inaanguka kwenye swali la pili hapo hapo. Utashangaa jinsi mjadala unavyotulia kipimo kinapokata pande zote mbili.

Haya yaandikwe kwenye kanuni zenu za kupandisha vyeo na yapitishwe na baraza la taaluma kabla onyesho la kwanza halijafanyika. Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu ina miongozo yake ya uajiri na upandishaji vyeo, na miongozo hiyo inathamini sana machapisho yaliyopitiwa na wataalamu. Isome, muone ni wapi mna nafasi ya kuweka utaratibu wenu wa kuipima kazi ya sanaa. Kumwambia msanii mwaka wa nne kwamba tamthilia zake tatu hazihesabiki ni ukatili unaoepukika kwa mkutano mmoja.

Jambo lingine ambalo watu hulikumbuka wakiwa wameshagombana: kazi ni ya nani? Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya 2001, kifungu cha 31, inasema kazi iliyotungwa na mwajiriwa katika kuitekeleza ajira yake, hakimiliki inahamia kwa mwajiri, isipokuwa wawili hao wamekubaliana vinginevyo. Sasa chuo kikimpunguzia mtu kozi ili aandike tamthilia, kimejisogeza karibu sana na kusema kuandika ni sehemu ya ajira yake. Maliza jambo hilo kwa ukurasa mmoja uliosainiwa kabla pesa hazijatoka: tamthilia, riwaya, muziki, picha na vitabu vya kiada ni mali ya mtunzi, chuo kinapata haki ya kuigiza au kuonyesha kazi hiyo kwa shughuli za masomo bila kulipa. Mtunzi naye asajili kazi yake kwa Bodi ya Hakimiliki ya Kenya. Bila ukurasa huo, siku kampuni ya filamu itakapobisha hodi mtaitana kwa mawakili.

Turudi kwenye pesa. Baada ya kununua zile kozi nane umebaki na 840,000. Chukua 560,000 uzifanye ruzuku 7 za hadi shilingi 80,000 kila moja. Kapu liwe moja kwa sayansi na sanaa, na fomu iwe moja, ya kurasa mbili. Najua kuna wanaopenda kuwatengea watu wa sanaa kapu lao dogo ili amani ipatikane. Mimi siipendi amani hiyo. Kapu dogo huwa dogo zaidi kila mwaka, na ndilo la kwanza kukatwa. Kamati iwe ya watu watano, mmoja kutoka nje ya chuo, na kila ombi linalokataliwa lipewe sababu kwa maandishi. Sentensi tatu zinatosha, zikiwa za kweli.

Halafu mwite mhasibu, mapema, na uwe naye kwa ukarimu, kwa sababu hofu yake ina msingi: yeye ndiye atakayehojiwa na mkaguzi. Ugomvi mkubwa wa utafiti nilioushuhudia katika vyuo vyetu haukuwa wa nadharia, ulikuwa wa masurufu, zile pesa mtu anazopewa kabla ya kazi kisha akatakiwa kuzitolea hesabu. Mtu amechukua 80,000, ameenda Nyakach, amepanda boda boda mara kumi na nne, amempa mzee aliyemhadithia ngano za ukoo sukari na majani ya chai, amekodi jenereta ya kuchaji vinasa sauti. Anarudi na risiti mbili. Mhasibu anakataa kufunga hesabu, na kanuni inasema asiyefunga masurufu hukatwa kwenye mshahara. Mtu huyo hataomba ruzuku tena maishani, na atawasimulia wengine. Tengenezeni hati yenu ya malipo yasiyo na risiti: tarehe, aliyelipwa, namba ya kitambulisho au alama ya kidole gumba, kazi aliyofanya, kiasi, sahihi ya shahidi. Ujumbe wa M-Pesa uchapishwe na kubandikwa. Wekeni kikomo cha malipo ya namna hii, tuseme robo ya ruzuku, na mkaguzi aonyeshwe hati hiyo kabla haijatumika. Msimamizi wa tamthilia ataihitaji vilevile, maana mama anayeuza mitumba Kibuye hana kitabu cha risiti, na mavazi ya waigizaji wengi yatatoka kwake.

Shilingi 120,000 ziwaendee wanafunzi: 12 kwa 10,000 kila mmoja, wakati wa likizo ndefu. Hili vyuo vidogo vya Marekani wanalifanya vizuri kuliko vyuo vikuu vyao vikubwa. Kwa kuwa hawana watu wa uzamifu, profesa hufanya utafiti na kijana wa mwaka wa pili au wa tatu, na tangu 1978 wana baraza la kitaifa la kuendeleza utafiti wa wanafunzi wa shahada ya kwanza. Kwenu mna kitu ambacho wao hawana. Kwenye darasa moja una vijana wanaosema Dholuo cha Alego na cha Karachuonyo, Kinyore, Kiteso, Kinandi. Saa moja ya masimulizi yaliyorekodiwa inaweza kula saa sita za kuyaandika, na mhadhiri asiyejua lugha hiyo atazihesabu siku. Kijana wa kule atajua hata mzee alikuwa akitania wapi. Ila jina lake lionekane kwenye makala. Nimewaona wanafunzi waliofanya kazi yote ya mikono wakaishia kwenye shukrani, katikati ya dereva na mpishi, na hapo kuna kitu kinavunjika ndani ya mtu.

Laki moja iweke kwa vibali, nauli za wale wasomaji wa nje, na ada ndogondogo. Chini ya Sheria ya Sayansi, Teknolojia na Ubunifu ya 2013, mtafiti anahitaji leseni ya tume ya taifa ya sayansi, NACOSTI. Utafiti unaohusu watu hupitia kwanza kamati ya maadili iliyoidhinishwa. Chuo chenu pengine hakina kamati hiyo. Kubalianeni na chuo kikuu cha karibu chenye kamati. Hata leseni ikishatoka, mtafiti anatakiwa kupiga hodi kwa kamishna wa kaunti, mkurugenzi wa elimu wa kaunti na ofisi ya gavana kabla ya kuanza. Haya yote hula miezi, kwa hiyo anayetaka kwenda uwanjani Agosti aanze kuhangaika Februari. Wanaohifadhi majina, namba za simu na sauti za watu wakumbushwe pia Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019.

Elfu 60 zilizobaki ni za dharura. Usizitangaze.

Hujaona nikitaja vifaa, na nimefanya hivyo kusudi. Msinunue hadubini. Mko Kisumu: taasisi ya utafiti wa tiba, KEMRI, iko Kisian; ile ya bahari na samaki ina kituo mjini; Makumbusho ya Kisumu yapo tangu 1980 na yana watu wanaoujua utamaduni wa ziwa. Andikianeni mkataba mfupi na jirani mmoja, mtu wenu aingie maabara yao siku mbili kwa mwezi, nao wapate wanafunzi wa kujifunzia kazi. Majarida nayo, kabla ya kulipia chochote, muulize mkutubi wako kama mmejiunga na muungano wa maktaba za Kenya unaonunua majarida kwa pamoja, na kama mmesajiliwa na Research4Life, mpango unaozipa taasisi za nchi zenye kipato kidogo majarida bure au kwa bei nafuu. Majarida mengi ya Afrika yako wazi kwenye African Journals Online, na ni mahali pazuri pa kuanzia kutafuta pa kuchapisha.

Kuhusu ruzuku za nje, Mfuko wa Taifa wa Utafiti uliundwa na sheria hiyo hiyo ya 2013, iliyosema utengewe asilimia 2 ya pato la taifa. Waliokaa kuzisubiri hizo asilimia 2 wangali wamekaa. Omba zinapotangazwa, lakini bajeti ya chuo usiijenge juu yake. Mtafute mtu mmoja kati ya hao 34, anayeandika vizuri na asiyechoka na fomu, umpunguzie kozi moja awe akiwasaidia wenzake kuandika maombi. Ofisi nzima ya ruzuku mtaijenga mkishapata ruzuku ya kuilipia.

Na wale ambao hawataomba chochote? Watakuwepo, tena wengi. Baadhi ni walimu bora kuliko sisi waandishi wa makala, na hawana haja ya kusukumwa. Lakini yuko mmoja, kila chuo kinaye, aliyemaliza uzamifu miaka kumi na moja iliyopita na tasnifu yake iko kwenye kabati. Usimtumie tangazo. Nenda ofisini kwake, muombe akusomee sura moja.

Tangazo lako litoke wiki sita kabla ratiba ya muhula wa Januari haijapangwa, majibu yatoke wiki mbili kabla. Katika kamati ya kwanza muweke yule wa kemia aliyepinga kwa sauti kubwa, na siku ya onyesho la tamthilia mtafutie kiti cha mbele, pembeni ya wale wasomaji wawili wa nje.